Jiwe la Chini ya Mkunazi

Haya alinisimulia Rayya mwenyewe, mwaka juzi, msimu wa kuanika tende, na kila alipofika mahali pa kucheka alishindwa kucheka.

Alikuwa amelala chali juu ya jiwe, ndani ya kijumba kimoja kijijini kwa marehemu mama yake, futikamba mkononi, kanyoosha miguu kuelekea maji yanakotokea. Nje jua lilikuwa la kupasua mawe, lakini pale palikuwa na ubaridi wa mtungini. Kijumba hakina mlango. Kuta za udongo, na nusu ya dari ni matawi ya mkunazi tu. Mfereji wa kijiji unaingia upande huu, unatoka upande ule, unakwenda zake mashambani. Katikati jiwe moja refu kama kitanda, limeinama kidogo, limelainika kama kiganja cha mtoto.

Mzee mmoja alipita na mzigo wa majani ya mbuzi kichwani, akachungulia. Rayya akamsalimia kutoka pale pale alipolala. Mzigo ukaporomoka, na mzee akatimua mbio bila kuuokota.

"Watu wa huku wana haya kweli," Rayya akajisemea, akaendelea kupima.

Yeye kakulia Muscat. Mama yake alifariki Rayya ana miaka mitatu, na hicho kijiji cha mama alikijua kwa kuhadithiwa tu. Kilichomleta ni kazi, kazi yake ya kwanza. Chuo kipya kilikuwa kimejengwa ukingoni mwa mchanga, na mpambaji aliyemtangulia alijaza ukumbi mitende ya plastiki na picha ya mlima wenye theluji. Wanafunzi waliutazama mara moja, wakarudi kukaa kwenye magari yao, injini zikiunguruma ili wapate baridi.

"Nataka asili, binti yangu, na iwe ya kwetu," mkuu wa chuo, Dakta Hilal, alimwambia. "Nakupa ukumbi huo mmoja. Watu wakikaa, maktaba na mabweni ni yako. Wasipokaa, tutakunywa kahawa tuagane."

Nyumbani kaka zake walikuwa wameshamtabiria: kabla ya Ramadhani atakuwa amerudi, anawachagulia shangazi zake mapazia.

Basi Rayya akakiiga kile kijumba, hakubakisha kitu. Alichukua mwinamo wa jiwe, kijifereji cha pembeni, kuta za udongo, tundu la mwanga darini. Mikunazi aliipanda kwenye vyungu vikubwa. Ila kijijini jiwe ni moja, na wanafunzi ni wengi, kwa hiyo yeye akaweka kumi na mawili. Miezi saba ikamwishia humo.

Siku ya kufungua, vijana wa Muscat na Sohar waliingia kwa vishindo, wakajilaza, wakapigana picha. Waliotoka vijiji vya milimani walisimama mlangoni, wakatoa salamu kwa sauti ya chini, wakabaki hapo hapo.

Rayya aliwahesabu kwa macho. Walikuwa zaidi ya nusu. Akamwendea mmoja wao, Mundhir.

"Mbona hamkai? Jiwe haliumi."

"Tunajua haliumi, dada." Mundhir alitazama viatu vyake. "Ila mbona kumi na mawili?"

"Si mko elfu mbili nyie?"

"Kwetu moja linatosha mji mzima. Na hatugombanii zamu."

Wenzake wakaziba midomo kwa ncha za vilemba.

Rayya akageuka kumtafuta mama mkubwa Ghaniya, dada wa marehemu mama yake. Alikuwa amemleta kutoka kijijini makusudi, ili siku hiyo awepo mtu wa upande wa mama wa kuona fahari. Akamwona mlangoni, kwenye kiti cha bawabu, anakunywa kahawa yake taratibu.

Kabla hajamfikia, Dakta Hilal akaingia. Wageni walikuwa wamekwenda kula, na yeye alikuwa amesimama tangu alfajiri. Alivua kilemba, akajinyoosha juu ya jiwe la katikati, maji yakipita miguuni pake. Wale wa mlangoni wakainamisha vichwa.

"Mgongo wangu haujapata raha hii tangu nioe," akasema akiangalia dari. "Maktaba yako, binti. Na mabweni. Kila chumba kiwe na jiwe lake."

"Kila chumba?"

"Kila chumba." Akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

Rayya alichuchumaa kando ya kiti cha bawabu, machozi yanamlengalenga.

"Umesikia, mama mkubwa? Nimelitoa kijijini kwenu, pale chini ya mkunazi. Nimepima kila kitu kwa mkono wangu."

"Nimelijua nilipoingia tu," Ghaniya akasema. "Hata mwinamo umeupatia. Maji hayatuami."

"Sasa mbona umekaa kwenye kiti cha bawabu? Nenda ukajinyooshe, umechoka na safari."

"Nina haraka gani mimi?"

Akamaliza kahawa yake, akakitikisa kikombe kuonyesha imetosha, akakirudisha kwenye sinia. Ukumbi ulikuwa umetulia. Pale katikati Dakta Hilal alishapitiwa na usingizi mzito.

"Rayya mwanangu," Ghaniya akasema polepole, "miaka arobaini wanawake wa kijiji chetu nawaosha mimi juu ya jiwe lile, kabla hawajavikwa sanda, na mama yako nilimwosha hapo hapo. Huyu ndiye wa kwanza ninayemsikia akikoroma."