Kuni za Kitanda

Mauza aliupiga shoka mguu wa kitanda cha marehemu mwanawe, akaupasua, akavitia vipande jikoni.

"Bi Mauza!" Kuruthumu, jirani yake, alichungulia juu ya ua wa makuti. "Kitanda kimekukosea nini?"

"Kuni zimekwisha, shoga. Na maji hayachemki kwa dua."

"Kila siku unapika maji! Wali utaupika lini?"

Mauza alicheka, maana asingecheka angelia. Homa ya matumbo ilimchukua mwanawe, ikarudi ikamchukua mkwewe. Sasa ilimkalia Azza, mjukuu wake wa pekee. Mtoto alikuwa kalala mkekani pale pale uani, kabaki macho tu.

Hodi ikapigwa. Akaingia Bwana Leodegar, mtu wa afya wa Serikali, na kaptula yake ya kaki. Ndiye aliyepita nyumba hadi nyumba hapo Kariakoo akiwaambia watu kuwa maji ya visima yana ugonjwa, mtu asinywe ila yaliyochemka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo utazame mwenyewe."

Leodegar alitazama. Sufuria ilikuwa ikitokota mpaka mfuniko unarukaruka. Kikombe cha mtoto kimesuguliwa kwa majivu, kinang'aa.

"Mtaa huu mzima hakuna anayechemsha kama wewe," alisema, akajikuna kichwa. "Sasa huu ugonjwa unaingilia wapi?"

"Ningepajua, mwanangu, ningepaziba kwa mwili wangu."

Bwana afya aliaga, akatoka kainamisha kichwa.

"Bibi," Azza aliita, sauti imemkauka. "Kiu."

"Kwanza kitendawili!"

"Tega."

"Nimemtia motoni, kacheza ngoma, hakuungua."

Mtoto alifikiri, midomo ikamtetemeka kama anayetaka kutabasamu. "Maji."

"Ewaa! Haya, maji yako haya hapa, mama."

Mauza akaepua sufuria, akamimina nusu kikombe. Mvuke ukampanda usoni. Ulimi wa mgonjwa ule, umejaa vidonda. Nani mwenye roho ya kumpa maji ya moto? Basi akafanya kama alivyomfanyia baba yake Azza, na mama yake pia: akachota kwa kata maji ya baridi ya kisima mtungini, akajazia kikombe mpaka yakawa vuguvugu, akamwinua mtoto kichwa taratibu.

"Kunywa, mama," alisema. "Yamechemka."