Nguchiro Aunguza Wali

Nguchiro alikwenda shambani kwa Punda kujifunza kilimo. Huko wanyama walilala banda moja na kula sinia moja, wakitaniana kutwa. Nguchiro aliogopa kukosea. Aliomba radhi hata alipokanyagwa, na chakula chake alikipakua kando asije akamkera mtu. Wenzake walimwita "mgeni wetu," na hakuna aliyemtania.

Siku ya zamu yake jikoni, alishughulika kusugua masufuria mengine mpaka yakang'aa, huku wali ukiungua motoni. Aliposikia harufu, wali wa chini ulikuwa mweusi tii. Akafunga furushi lake.

"Unakwenda wapi?" Kanga akamuuliza mlangoni.

"Nyumbani, kabla sijafukuzwa. Nimewaunguzia wali, dada."

Kanga akachungulia sufuria, akaruka kwa furaha. "Jamani, njooni! Tangu masika mnaniita Bi Ukoko kwa sababu ya ule wali niliouunguza. Leo jina limepata mwenyewe!"

Wanyama wakacheka hadi machozi. Punda, ambaye naye aliwahi kuitwa Ukoko, akakwangua kipande na kukitafuna. "Huu mgumu kuliko wangu," akasema.

Nguchiro alibaki amesimama, hajui acheke au alie.

"We Bwana Ukoko!" Kanga akamfokea. "Weka hilo furushi usogee kwenye sinia. Umetuunguzia wali, na bado unatuchelewesha kula?"

Nguchiro akashusha pumzi, akajibana katikati yao, akala. Mgeni huambiwa karibu. Wa nyumbani huambiwa sogea.