Kandambili za Mama Mkwe

Fundi bomba aliziona kandambili za mama mkwe wake zikielea. Muda mfupi tu uliopita alikuwa ameziweka mwenyewe juu ya jiwe kavu.

Pale kwenye bwawa la mto jua lilikuwa kali. Lakini kule juu, kwenye mlima wa hifadhi, wingu jeusi lilikuwa limetanda tangu asubuhi, na maji yaliyokuwa maangavu yalishageuka rangi ya chai ya maziwa.

"Tokeni majini! Pandeni juu kwenye hema, sasa hivi!"

"Huyu naye, hata likizo anakagua maji," mkewe alicheka. Kisha akamwona uso, akawanyakua watoto.

Mama mkwe alibaki katikati ya bwawa, maji kiunoni, gauni limemganda mwilini.

"Geuka kwanza, baba," alisema kwa aibu. "Nitatokaje na wewe unanitazama?"

Miaka tisa tangu amwoe binti yake, hata mkono walikuwa hawajapeana.

Huko juu mtoni mawe yalianza kugongana.

"Utanisamehe, mama," alisema, akajitosa, akamkumbatia kwa mikono yote miwili.