Kiu ya Kaka Twalibu

Kiu ya pombe siku hizi haitibiwi, inahamishwa. Mlevi anatoka mzima, na ndugu wa damu aliyekubali kuipokea anabaki kwenye nyumba ya upataji nafuu mpaka afe. Kwetu alikubali mama, mwanamke ambaye hata togwa ikichacha kidogo alikuwa akiimwaga.

Mimi nilikataa. Nilimwambia mama waziwazi kwamba kaka Twalibu hastahili.

"Wewe hujazaa bado," akanijibu.

Jumapili mimi na Twalibu tulikwenda kumwona mama. Njia nzima Twalibu alikuwa akitafuna karafuu, nami nikajifanya sioni, ingawa nyumbani kwetu kila mtu anajua karafuu huficha nini. Tulimkuta mama amekonda, vidole vinamtetemeka, kanga kaifunga kwa mafundo mawili isimdondoke.

"Shikamoo mama," Twalibu akasema, akainama kuubusu mkono wake.

Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akamsogeza karibu, akavuta pumzi ndefu. Machozi yakamlengalenga. Nikasema moyoni, haya, leo atamlaani, na amlaani kweli.

"Umekunywa tena," mama alisema.

Twalibu akaangua kilio. "Nisamehe mama. Jamaa walinikaribisha tu, nikadhani nikionja kidogo, basi..."

"Nyamaza, muuguzi asisikie," mama akamnong'oneza, huku mikono yake imeshashuka inampapasa mifukoni. "Umenibakizia?"