Nyumba Isiyochorwa

Mwanamke alimpokonya Leonard kile kidude cha GPS, akakificha mgongoni na kurudi kinyumenyume hadi mlangoni kwake.

"Futa," alisema. "Kubali kwanza kufuta, ndipo nikurudishie."

Leonard alikuwa ametoka Bigwa alfajiri, akipanda Uluguru na kuweka alama kwenye kila nyumba, chemchemi na njia ya miguu. Kukataliwa alishakuzoea. Tangu soko huria lilete wawekezaji, watu wa mlimani walimwona kila mwenye kifaa cha kupimia kama dalali wa ardhi yao. Akaanza kueleza kama siku zote: ramani hii si ya serikali wala ya kampuni. Ni ya wazi. Mtu yeyote, popote duniani, anaifungua bure kwenye intaneti na kuongeza anachokijua. Manesi wa chanjo wataitumia kuifikia kila nyumba yenye mtoto.

"Mtu yeyote?" mwanamke aliuliza.

"Yeyote."

Nyuma ya kanga ya mwanamke alichungulia msichana wa miaka mitano hivi. "Shikamoo," mtoto alisema, na papo hapo mwanamke akamziba mdomo kwa kiganja.

"Kuna mtu anatutafuta," alinong'ona. "Akijua tulipo atamchukua mtoto huyu. Nitakufa, kaka yangu. Nakwambia kweli, nitakufa."

"Baba yake?"

Mwanamke alimkumbatia mtoto, akalia bila kutoa sauti, na Leonard hakuuliza tena. Dada yake mwenyewe, Angelina, alimkimbia mumewe mara mbili. Mara zote mbili mtu asiye na nia mbaya alimwambia mume nyumba aliyojificha. Ile ya pili walimzika kabla ya Pasaka.

Akanyoosha mkono, akapewa kifaa, akaifuta alama huku mwanamke akitazama.

"Unaitwa nani, dada?"

"Filomena."

"Sawa, Filomena. Hapa mimi sikufika."

Ofisi yao mjini Morogoro ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili na feni. Leonard alichora nyumba arobaini za kitongoji kile, ya Filomena akairuka. Kwenye picha ya setilaiti bati lake lilimeta juu kabisa, pembeni ya shamba la karoti.

Wiki ya pili alifungua ramani akaikuta nyumba imechorwa.

Jina la mchoraji lilikuwa la Kijerumani. Mtu mwema, ameketi huko kwao, ameliona paa kwenye picha na kujitolea kusaidia. Leonard akalifuta. Baada ya siku tisa likarudi, safari hii kwa mkono wa mtu wa Kanada. Akalifuta tena. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake ya kwanza kila asubuhi, kabla hata ya chai: kufungua ramani na kukitazama kitongoji kile huku amebana pumzi. Jumapili ofisi ilifungwa, naye alikaa kanisani bila kusikia neno, akiwaza ni nani sasa hivi, nchi gani, ameshika kipanya cha kompyuta na kuliona lile bati.

Kisha mwanamume akaja.

Alikuwa mrefu hata akainama kupita mlangoni, mikono mipana, shati limeloa jasho.

"Habari za kazi, bwana. Nimeambiwa ninyi mmefika kila nyumba huko mlimani."

"Karibu zote."

"Namtafuta mwanamke anaitwa Filomena. Ana mtoto wa kike. Kuna mtu alimwona sokoni hapa akiuza karoti."

Nyuma ya Leonard ramani ilikuwa wazi kwenye kompyuta. Alisogea akaikinga kwa mgongo.

"Una shida gani naye?"

"Namtaka mwanangu." Mwanamume alikunja ngumi, akaikunjua. "Huyo mwanamke mwenyewe, nikimtia mikononi, Mungu anisamehe."

Leonard akamwona Angelina. Akashangaa jinsi uongo ulivyotoka bila kukwama.

"Alikuwepo. Majirani walituambia alihama na mtoto, wakaenda Dakawa. Kwenye mashamba ya mpunga."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mwanamume alimkazia macho kwa muda. Leonard hakupepesa. Hatimaye yule mtu akashukuru na kutoka, na Leonard akageuka kuifunga ramani. Filomena amenusurika. Wamenusurika, yeye na mtoto. Akaenda mlangoni kuhakikisha kwamba ameondoka kweli.

Hakuwa ameondoka. Alikuwa barazani, ameinama, anamsaidia mwanamke mwembamba kusimama.

"Inuka, mke wangu. Ni Dakawa."

Mwanamke alipomwona Leonard alimjia, akatoa picha iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, akaielekeza kwenye mwanga.

"Huyu ni mimi, siku tulipombatiza Prisca wetu," alisema, akigusa uso wa mama kijana aliyenenepa kwa furaha. Kidole kikahamia kwa msichana aliyesimama kando yake, amembeba mtoto mchanga mwenye gauni jeupe. Msichana huyo alikuwa Filomena. "Na huyu alikuwa dada yetu wa kazi. Alimtoa mtoto nje kuota jua. Hawakurudi."

Akaukumbatia mkono wa Leonard kwa mikono yake miwili.

"Mungu akubariki, kaka yangu. Mwaka wa tano huu tunazunguka, na wewe ndiye wa kwanza kutupa pa kwenda."