Mstari wa Mtu Mmoja

Marete aliinua mkono, kwaya ikanyamaza katikati ya neno.

"Mukiri, besi mmeingia mapema. Mstari wa kwanza ni wa Kananu peke yake. Hakuna alto, hakuna tenor, hakuna mtu."

Walikuwa kanisani Kibirichia, viatu vikiwa bado na tope la mashamba ya viazi. Wimbo ulikuwa mpya, wa mazishi, na Marete aliutunga mwenyewe. Hakuwa amesema ni mazishi ya nani, na hakuna aliyeuliza. Wote walijua kwamba kila Alhamisi alishuka hospitalini, Meru mjini, pamoja na mamake mzee, Gladwell.

"Lakini mwalimu, huo mstari unaniacha nikining'inia," Kananu alisema. "Ni kama nimeuliza swali."

"Ni swali. Mstari wa pili ndio jibu. Hapo sauti zote nne zinaingia pamoja na wimbo unarudi kwenye noti ulipoanzia. Mkiingia mapema mnamjibu mtu kabla hajamaliza kuuliza."

Waliimba tena. Sauti ya Kananu ilipanda peke yake, nyembamba, ikasimama juu. Kimya. Kisha zile nyingine zikaingia chini yake, nzito, zikaishusha polepole. Wanawake wawili wa alto walifuta macho. Marete aliwatazama tu, kama anayetazama mvua dirishani.

"Sawa," alisema. "Siku hiyo Mukiri ndiye ataongoza."

"Mimi?" Mukiri alishtuka. "Na wewe je?"

"Mimi nitakuwa pale mbele, na familia."

Kananu alimsogelea, akamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Pole sana, mwalimu. Mama ameteseka."

"Ameteseka," Marete alikubali, kwa sauti ile ile aliyotumia kutangaza mazoezi. Akawaambia warudie kutoka mwanzo.

Alhamisi walifika hospitalini mapema, yeye na mamake. Muuguzi aliwasalimu wote wawili kwa majina. Hakuwapeleka kwenye benchi la kungojea kama siku zote.

"Daktari amesema leo ni kulazwa," alisema taratibu. "Kitanda kiko tayari, kile cha dirishani."

Marete aliitikia kwa kichwa. Wakaingia wodini.

Gladwell alimvua mwanawe koti, akamvua na viatu, akamfunika blanketi hadi kifuani. Kisha akavuta kiti cha wageni, akaketi.