Diski ya Kusoma Tu

"Inasoma, mzee. Ila haiandiki," fundi alisema, akimgeuzia mteja wake kompyuta ili ajionee.

Mzee hakutazama. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani. "Ndiyo shida yenyewe, binti. Nataka iandike pia."

Fundi alishusha pumzi. Tangu asubuhi alikuwa akiibembeleza diski ile kama mtoto aliyenuna: amebadilisha waya, amehamia tundu jingine la USB, ameweka programu ya kuisaidia Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yake, kuelewana na diski iliyoandaliwa kwa Windows. Mwishowe ilikubali, lakini kwa sharti moja: kusoma tu.

"Iliwahi kuchomolewa ikiwa inafanya kazi?"

"Niliichomoa mimi. Mke wangu alikuwa akisikiliza."

Hapo fundi akaelewa. Diski ikichomolewa ghafla, Linux huogopa kuandika juu yake isije ikaharibu zaidi.

Ndani ya diski mlikuwa na rekodi za sauti tu. Mtoto wao wa pekee alikuwa akiwarekodia salamu kila jioni kutoka chuoni, na mzee akizihifadhi humo. Walimzika mwaka jana. Nakala nyingine haikuwepo.

Fundi alifungua moja kujaribu.

"Shikamoo mama. Mimi mzima. Wewe lakini umekula?"

Sauti ya kijana, kicheko kikiwa karibu. Mama wa fundi mwenyewe alifariki bila kuacha hata neno moja lililorekodiwa, na leo angetoa chochote asikie tu akigombezwa.

"Kwa kusikiliza, mzee, hapa panatosha. Nikiilazimisha tunaweza kukosa vyote."

"Hapatoshi, binti."

Pengine anataka kuongeza picha, fundi aliwaza. Wafiwa hawaachi kukusanya.

"Basi ninakili kwanza kwenye mashine yangu. Tahadhari kabla ya hatari."

"Usinakili," mzee alisema upesi. "Hata moja."

Fundi hakubisha. Mambo ya familia ni ya wenyewe. Aliandika amri ya kurekebisha diski, akabonyeza, akangoja. Diski ilinguruma kidogo, ikatulia. Alipoifungua tena, lile sharti la kusoma tu halikuwepo.

"Tayari, mzee. Sasa ni yako, ifanye utakavyo."

Mzee alishukuru kwa sauti ya chini. Alivuta kiti mpaka mezani, akafuta macho kwa kofia, akachagua sauti zote kwa pamoja. Kisha kidole chake kikasimama juu ya kitufe cha kufuta.

Fundi alimshika mkono. "Mzee, hizo zikifutika hazirudi."

"Najua, mwanangu." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyazuia. "Lakini mama yake ameanza kumjibu."